Mkanda wa tumbo baada ya operesheni ya uzazi: nimevaa aina tatu, huu ndo ukweli wangu

Wamama wenzangu habari zenu. Kila wiki lazima nipate meseji ya "ule mkanda uliokuwa unavaa ulinunua wapi, na unarudisha tumbo kweli?" na huwa najibu nusu nusu nikiwa na mtoto mkononi, sasa leo kalala acha niandike yote sehemu moja. Nimejifungua kwa kisu miezi mitano iliyopita hapa hapa Mwanza, na ndani ya muda huo nimevaa vitu vitatu tumboni: kanga aliyonifunga mama yangu mzazi, mkanda mpana wa kuvutika wa duka la dawa, na koseti ya ndoano niliyoletewa na muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ukiacha kanga, ambayo ni ya mama, vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenipa bure ili nimsifie.

Kwa wenye haraka jibu ni hili. Mkanda mpana wa duka la dawa nunua kama hela ipo, utakusaidia sana zile siku kumi kumi na tano za mwanzo kuinuka, kukohoa na kutembea. Koseti usinunue, walau usiiguse kabla ya wiki sita kuisha na daktari hajakuangalia. Kanga inafanya nusu ya kazi ya mkanda kama anayekufunga ana mkono wa huruma. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachorudisha tumbo, hiyo naisema mapema kabisa kwa sababu ndo kitu wauzaji wanachokiimba na ndo kitu kilichonigharimu.

Sasa wenye muda tuendelee.

Mimi nakaa Bugarika, juu kwenye mawe. Wanaokujua kwetu wanajua, bajaji inakuacha chini barabarani halafu unapanda ngazi za mawe, zingine zimechongwa zingine ni jiwe tu kama Mungu alivyoliweka, nimezihesabu ni 64 mpaka mlangoni kwangu. Nawaambia hili mapema kwa sababu watu wanaulizia mkanda kama vile operesheni zote ni moja, na mimi nimejifunza kuwa kupona kunategemea vitu vingi sana na vingine havipo hospitali kabisa, vipo kwenye ngazi na kwenye ndoo ya maji.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kawaida. Huyu wa pili uchungu ulianza Ijumaa jioni, Jumamosi mchana njia ikagoma kwenye sentimita 7, jioni nesi anasikiliza mapigo ya mtoto uso ukambadilika, dakika chache daktari kaja, nimesaini karatasi nikiwa natetemeka, nimechomwa sindano ya mgongo na nusu saa haijafika nasikia mtoto analia. Namshukuru Mungu na namshukuru yule daktari mpaka leo. Lakini mwili wangu ulishapigana siku nzima kabla ya kisu, sijala, sijalala, maji yalishapasuka muda mrefu, na damu yangu ilikuwa 9 wakati mjamzito anatakiwa awe walau na 11. Wifi yangu yeye alipangiwa tarehe kwa sababu mtoto alitanguliza makalio, akaenda asubuhi kaoga, damu imepimwa iko vizuri, kapumzika. Siku ya tano wifi anajipikia uji, mimi siku ya tano bado nashika ukuta kwenda chooni. Nikawa najiona mzembe. Nesi mmoja mtu mzima ndo akanielewesha, akasema, "Mama nanihii, usijilinganishe. Yeye kaingia na nguvu zake, wewe umeingia umechoka, damu pungufu na uchungu wa siku nzima. Kidonda ni kilekile ila mwenye kidonda sio yuleyule." Nilikuwa nahitaji mtu aniambie hivyo.

Haya, kuinuka mara ya kwanza. Ganzi imeisha usiku, asubuhi wamenitoa mpira wa mkojo, nesi anasema sasa mama unasimama. Nikajaribu kuinuka kama ninavyoinuka siku zote, kifua juu, na pale mshononi palivuta kama mtu kanishika nyama kwa koleo. Nikarudi chini jasho linanitoka. Akanifundisha na hii naomba mshike maana ni ya bure: kunja magoti kwanza, geuka ulale ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, halafu jisukume kwa mkono mpaka umekaa, kaa hapo upumue, kizunguzungu kiishe, ndo usimame. Mkono mmoja kwenye kidonda na kanga iliyokunjwa kama kamto kadogo, ukitaka kukohoa au kupiga chafya unakabana pale. Nilitembea hatua sita mpaka kitanda cha jirani na sita kurudi. Nililia, ila jioni nilitembea mpaka mlangoni, na kesho yake koridoni. Wanatulazimisha kutembea mapema sio kwa ukatili. Mwanamke aliyejifungua damu yake inaganda kirahisi, operesheni inaongeza, na ukilala tu miguu haitembei damu inaweza kuganda mguuni ikapanda kifuani, hiyo inaua. Halafu kutembea kunaamsha utumbo, ule upepo unaojaa tumboni ukauma mpaka begani unatoka.

Siku hiyo hiyo mchana mama yangu akanifunga kanga. Kaikunja kwa upana wa kiganja na nusu, kaizungusha chini ya makalio kwanza halafu akaivuta juu taratibu, fundo kaliweka ubavuni mbali na kidonda. Nilisimama mara ya pili nikiwa nayo na tofauti niliisikia palepale, ni kama mtu kakushikia tumbo kwa mikono miwili ili lisidondoke. Maana wasiopitia hawajui, ukisimama tumbo lote unalisikia linataka kumwagika mbele. Ubaya wa kanga inalegea. Ukitembea dakika kumi imeshashuka, unaanza kufunga upya, na kama aliyekufunga kaenda kufua unakaa hivyo hivyo.

Ndo mume wangu akaenda mjini akanunua mkanda kwenye duka la dawa, elfu thelathini. Ni mpana, kama sentimita 25, mweupe, kitambaa cha kuvutika chenye vitundu vidogo vya hewa, mbele unafungwa na ile ya kunata ambayo ukiibandua inalia kraaa wodi nzima inajua umeamka. Upande wa mgongo una vijiti viwili vya plastiki laini vya kuufanya usijikunje. Huo ndo mkanda nilioupenda. Unauvaa umelala, unaupitisha chini ya mgongo, unaleta pande zote mbili mbele, unabana mpaka usikie umeshikwa ila bado unavuta pumzi mpaka chini. Kipimo changu kilikuwa vidole viwili, visipopita kati ya mkanda na tumbo nimebana kupita kiasi. Na ukae chini, ushike nyonga na ufunike kidonda chote, ukingo wa mkanda usikatize juu ya mshono. Ukikaa katikati ya mshono ule ukingo unasugua, nimelijua hilo siku ya pili.

Umenisaidia nini hasa. Kuinuka kitandani maumivu yalipungua, sio kidogo. Kukohoa niliweza. Kukaa kunyonyesha mgongo ulikuwa hauvunjiki. Na siku ya kurudi nyumbani, jamani ile siku. Tumetoka siku ya nne asubuhi, bajaji, dereva tumemwomba aende pole na kweli alienda pole Mungu ambariki, lakini matuta ya barabarani hayajui pole. Kila tuta nilishika bomba kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono mwingine. Tukafika chini kwetu, mtoto kabebwa na mama, mizigo kabeba mume, mimi na ngazi zangu 64. Nilipanda kama mtoto anayejifunza, mguu mmoja ngazi, mwingine unaufuata, natulia, naangalia ziwa kule chini napumua, napanda tena. Ilinichukua robo saa na zaidi. Bila mkanda sijui ningefikaje, na hapo ndo nilisema hii elfu thelathini imelipa.

Kwa hiyo kwa kazi hiyo, kukushika wakati mwili bado haujaweza kujishika wenyewe, mkanda naupa maksi zote. Hapo hapo unaishia. Tukipasuliwa wanapita ngozi, mafuta, halafu utando mgumu unaoshikilia misuli, misuli yenyewe mara nyingi wanaisogeza pembeni tu, ndo wanafika mfuko wa uzazi, na kurudi wanashona. Ngozi kwa juu inaweza kufunga ndani ya wiki mbili ukajiona umepona, wakati ule utando wa ndani wiki ya sita bado unatafuta nguvu yake. Na mfuko wa uzazi nao unahitaji kama wiki sita kurudi ukubwa wake. Hakuna mkanda unaoharakisha hiyo, unarudi wenyewe, na kunyonyesha ndo kunausaidia kujikaza, ule uchungu wa tumbo mtoto akinyonya ndo wenyewe.

Sasa niseme kitu ambacho naona kiliniponya kuliko mkanda, mama yangu kuja. Mama anakaa Sengerema. Mume alimpigia Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi na mapema mama kashafika wodini, gari limepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri mtu. Kwa mtoto wa kwanza daraja lilikuwa halijafunguliwa, limefunguliwa Juni 2025, mama alikaa kwenye foleni ya kivuko nusu siku nikiwa nimeshajifungua na nimesharudi nyumbani. Wanasiasa wataongea yao kuhusu daraja, mimi kwangu lile daraja la kilometa tatu ni supu ya asubuhi na mtu wa kunipokea mtoto saa nane usiku.

Maana fikiria. Sheria ya kazi inampa mama likizo ya siku 84, baba anapewa siku 3. Siku 3 mimi nilikuwa bado wodini! Mume wangu kaajiriwa, siku niliyotoka hospitali ndo siku aliyotakiwa kurudi kazini. Kama mama asingekuwepo nani angebeba maji? Kwetu mlimani bomba likikata, na linakata, dumu la lita 20 linabebwa kutoka chini. Hospitali wanakwambia usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki sita, ni maneno mazuri, ila nani yupo nyumbani kwako wa kuyatekeleza? Jirani yangu mmoja mwaka juzi alirudi kutoka operesheni hana mtu, siku ya tisa kabeba ndoo, mshono ukaachia pembeni, karudishwa kulazwa. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiu na ana watoto watatu. Kwa hiyo ukiniuliza elfu thelathini ununue mkanda au umlipe kijana wa kukuletea maji wiki mbili, kama huwezi vyote, mlipe kijana wa maji, tumbo lifunge kwa kanga. Hiyo kutoka moyoni.

Dawa za maumivu nazo. Nilikuwa najikaza, nasema nisizoee dawa, nisimdhuru mtoto. Kosa. Maumivu yakikubana hutembei, huvuti pumzi vizuri, hata mtoto humshiki sawasawa. Nilipewa panado na diklofenaki, zote mama anayenyonyesha anatumia, ila kama una vidonda vya tumbo, figo au presha mwambie daktari kabla. Siri ni kumeza kwa saa, sio kusubiri maumivu yafike kileleni ndo utafute kidonge. Na vidonge vya kuongeza damu usimeze na chai ya rangi, chai inazuia ile madini ya chuma kuingia mwilini, meza na juisi ya chungwa au maji. Nilikuwa nameza na chai miezi yote ya ujauzito, hakuna aliyeniambia, pengine ndo maana damu yangu ilibaki palepale.

Chakula huku kwetu hatuna shida, tuna ziwa. Mume alikuwa anapita Mwaloni Kirumba asubuhi analeta sato, mama anachemsha na nyanya, kitunguu na ndimu mwishoni, mchuzi mwepesi nakunywa bakuli mbili. Dagaa nao wabichi wa kurosti. Uji wa ulezi. Kidonda kinajengwa na protini sio na chai na mkate. Na papai kila siku na maji mengi, kwa sababu choo kigumu ukiwa na mshono usiombe, ukisukuma unasikia nyuzi zote zinakuita kwa majina. Hapo mkanda unasaidia pia kidogo, na ile kanga ya kubana kidonda, na kigoda chini ya miguu.

Sasa suala la maji ya moto. Mama mkwe wangu kutoka Magu alikuja wiki ya pili, mama mzuri sana, kanisalimia kwa Kisukuma "Mwangaluka mayu", kaingia na furaha na kuku wawili. Jioni kachemsha maji sufuria kubwa anataka kunikanda tumbo damu chafu itoke. Kwa aliyezaa kawaida kila mtu ana yake ya kusema, ila kwa aliyepasuliwa nawaomba sana. Ngozi yote kuzunguka mshono imekufa ganzi, mpaka leo miezi mitano kuna sehemu nikigusa sisikii, maji ya moto yatakuunguza na hutajua mpaka uone malengelenge. Na kidonda kinataka kukaa kikavu. Sikumjibu, mkwe hajibiwi hivyo. Mama yangu ndo alikaa naye pembeni, akamwambia, "Dada, huyu katolewa mtoto kwa juu, tumbo lake tumeambiwa lisiguswe na moto, tumkande mgongo na miguu." Basi nikakandwa mgongo na miguu na kitambaa cha uvuguvugu, mama mkwe kafurahi, na mimi mgongo ulikuwa unauma kweli, nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu nijifungue. Kidonda tulikuwa tunasafisha kwa maji safi na sabuni ya kawaida nikioga, bila kusugua, tunakausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, basi. Hakuna kuweka majivu, hakuna asali, hakuna spiriti.

Nifike kwenye koseti, maana hapa ndo nilikosea na sitaki mwingine akosee. Wiki ya tatu najisikia vizuri, natembea, najiangalia kwenye kioo tumbo bado kama la miezi mitano. Akatokea dada mmoja mtandaoni, picha za kabla na baada, "wiki mbili tumbo limeisha, mama wa kisu pia anavaa". Elfu arobaini na tano, imeletwa na boda. Ndoano safu tatu, kitambaa kizito kama mpira hakipitishi hewa, vyuma mbele. Nikaivaa, nikafunga ndoano za ndani kabisa, nikaonekana kweli nina kiuno. Nikavaa mchana kutwa na joto hili la Mwanza. Siku ya tatu nasikia unyevu, navua, mshono upande wa kushoto umelowa, rangi imebadilika, kuna kasehemu kama urefu wa ukucha kamefunguka kanatoa majimaji, na kaharufu. Nilishikwa na hofu sijawahi kuwa nayo. Nikafunga kidonda na kitambaa safi, nikaenda hospitali asubuhi hiyohiyo.

Nesi aliyenisafisha akaniuliza nilikuwa navaa nini, nikamwonyesha. Hakunifokea. Alinionyesha kwa kidole kule tumbo linapojikunja juu ya mshono, akasema hapa jasho linakaa, halafu umepigilia kitu kisichopitisha hewa, kidonda kilikuwa kinachemka humu ndani. Bahati ilikuwa juu juu tu, sio ndani. Nikapewa antibayotiki na kusafishwa kila siku kwa siku nane. Na akaniambia kitu kingine: kubana tumbo kupita kiasi nguvu yote inashuka chini kwenye nyonga, misuli inayoshika mkojo na kizazi, na ile tayari imechoka na miezi tisa. Nilikuwa nimeanza kuvuja mkojo nikicheka, nikadhani ni kawaida.

Nilimwandikia yule muuzaji, kwa adabu kabisa, nikamwambia dada ondoa hayo maneno ya "mama wa kisu pia anavaa". Alisoma, hakujibu. Tangazo bado lipo.

Wapo watakaoniambia shangazi yao alivaa na hakupata kitu. Inawezekana. Mwenye sukari, mwenye mwili mkubwa, mwenye damu pungufu, aliyekaa na maji yamepasuka muda mrefu kama mimi, hawa kidonda chao kinaingiliwa na vijidudu kirahisi kuliko wengine. Hujui wewe ni yupi mpaka kimekukuta.

Dalili ambazo ukiziona huulizi mtu mtandaoni, unaenda hospitali usiku huohuo, nesi alinikaririsha na mimi nawakaririsha: homa, kidonda kuwa chekundu, kuvimba, kutoa usaha au harufu au kuachia, damu kujaa pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, pumzi kubana, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Hata kama ulikuwa huna presha kwenye ujauzito, inaweza kuja baada ya kujifungua. Na kliniki msiruke, siku ya 7, ya 28 na ya 42, watu wanapeleka mtoto kuchanjwa halafu mama hasemi neno kuhusu kidonda chake. Sema. Funua waangalie.

Kuna lingine halihusu mkanda ila halinitoki. Kuna mama mmoja alikuja kuniona akasema, "Pole, ila wewe hujazaa, umezalishwa." Kasema huku anakula wali wangu. Usiku ule nililia mpaka maziwa yakagoma. Nililia wiki nzima kwa kweli, bila sababu nyingine. Mama yangu aliniona akaniambia nilale, mtoto ataniletea akitaka ziwa tu, na akamwambia mume wangu wageni wasimame kwanza. Akanifundisha kumnyonyesha mtoto nikimweka ubavuni chini ya kwapa, miguu yake inaenda nyuma haipigi kidonda. Nikalala, nikala, nikawa mtu tena. Kama unalia na haiishi zaidi ya wiki mbili, au unajisikia humtaki mtoto, hiyo nayo ni ya kupeleka hospitali, sio ya kuombewa peke yake.

Nirudi kwenye mkanda kwa wanaonunua. Saizi usikisie, jipime nyonga na tumbo baada ya kujifungua kwa kamba au kanga, mpe anayekwenda dukani, sio saizi ya gauni lako. Mimi nilinunuliwa L nikarudisha nikachukua XL. Chagua wenye vitundu vya hewa. Nunua miwili kama unaweza, maana jua likiwa hafifu haukauki siku moja. Fua kwa mkono, ile sehemu ya kunata ifunge kabla ya kufua la sivyo inakusanya nyuzi na nywele na mwezi haujaisha hainati, wangu ulianza kuachia wiki ya tano, hapo ndo naupunguzia maksi. Vaa fulana nyepesi ya pamba ndani. Vua ukilala, vua kila baada ya masaa mawili matatu kidonda kipate hewa, na ukiona ngozi inawasha vua kabisa. Wiki mbili za kwanza niliuvaa karibu mchana wote, baada ya hapo nilikuwa nauvaa nikishuka na kupanda ngazi tu, na wiki ya sita nikauweka, tumbo linatakiwa lijifunze kujishika lenyewe. Sasa hivi nafanya mazoezi ya kupumua na kutembea mpaka Mabatini na kurudi, tumbo limepungua sana na kitambi kidogo kimebaki, sina haraka nacho. Mimba nyingine tumekubaliana mpaka miaka miwili ipite, kovu la ndani nalo linahitaji muda wake.

Koseti niliichanachana ndoano, kitambaa kimekuwa cha kupiga deki. Mkanda mweupe nimeufua jana, nimeuanika kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Yule jirani yangu aliyeachia mshono mwaka juzi ana mimba tena, amepangiwa operesheni wiki ijayo, nimempima nyonga kwa kanga na unamtosha. Kijana wa maji tumeshaongea naye, nitamlipia nusu mimi na nusu mume wake, madumu manne kwa siku mpaka mwezi uishe.